Shangazi wa Bustani: Ubwiriunga kwenye asta, na maswali mengine ya Oktoba

Wapendwa wasomaji, barua za mwezi huu karibu zote ni za asta. Sishangai, maana ndiyo maua ya msimu. Kwetu Newala, Oktoba ni mwezi wa korosho: watu wako mikoroshoni tangu alfajiri, nyua zimeanikwa, magunia yanashonwa. Hapa Worcester, ninapoishi tangu mwaka 1993, Oktoba ni mwezi wa bustani kufunga virago. Waridi zimechoka, dalia zinasubiri usiku mmoja wa jalidi, ile baridi inayogandisha umande, zigeuke nyeusi, na giza linaingia kabla hujamaliza kuosha vyombo vya chai. Katika mwezi huohuo asta ndiyo kwanza zinafunguka. Miaka yangu ya mwanzo huku, kabla sijazijua, niliiogopa Oktoba kuliko Januari. Siiogopi tena, na sababu mojawapo imesimama nje ya mlango wangu wa nyuma, ina urefu wa kifua changu na imejaa nyuki.

Ninazungumzia asta zinazodumu: zile ambazo mashina yake hufa kila majira ya baridi lakini mizizi hubaki hai ardhini na kuchipua tena mwaka unaofuata. Jambo moja nalirudia kila mwaka na leo nalirudia tena. Baridi haiui asta. Kinachoziua ni kiu ya Julai na maji ya Januari. Mtaona barua nyingi za leo zinarudi hapo.

*Shikamoo Shangazi. Oktoba iliyopita nilinunua asta ya kwenye kopo, fupi, ya zambarau, maua yameifunika mpaka majani hayaonekani. Niliipanda chini ya dirisha la jikoni ili niione nikipika. Mwaka huu imetanuka sana, lakini tangu Agosti majani yamepakwa kitu cheupe kama unga wa muhogo, ya chini yamekauka yote, na maua ni ya kuhesabu. Mume wangu anasema ing'olewe kabla haijaambukiza waridi. Nifanyeje? — Mama wa watoto watatu, Leicester*

Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie baba watoto aweke beleshi chini. Huo unga ni ubwiriunga, na ubwiriunga wa asta hauhamii kwenye waridi. Waridi zina ubwiriunga wao, ni kuvu mwingine.

Jina hilo nililijua kabla sijajua kusoma vizuri. Miaka ya themanini ubwiriunga uliwatoa machozi wakulima wa korosho wa Kusini. Uliingia kwenye maua ya mkorosho, ukayapaka weupe, yakakauka kabla hayajafunga tunda. Baba yangu alikuwa akiamka usiku wa manane, kabla upepo haujaamka na umande ungali kwenye majani, akaenda kupuliza salfa ili ule unga wa dawa upate kushika. Alirudi jua limeshapanda, kope zake za njano, shati linanuka kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Sisi watoto tulikatazwa kumkumbatia mpaka aoge. Kwa hiyo siku nilipouona weupe ule kwenye asta yangu ya kwanza, nilisimama pale uani moyo ukinidunda kama wa mtoto wa mkulima anayejua nini kinafuata.

Lakini asta si mkorosho, na wewe huhitaji salfa. Kuvu huyu ana tabia moja inayowachanganya watu: hahitaji jani lililolowa. Anapenda mmea ambao mizizi yake ina kiu, na hewa iliyotuama, yenye unyevu wa usiku, katikati ya mashina yaliyobanana. Sasa soma tena barua yako. Umeipanda chini ya dirisha la jikoni, yaani chini ya ukuta. Mguu wa ukuta ndipo mahali pakavu kuliko pote kwenye kiwanja. Nyumba yenyewe inaukinga na mvua, paa linapeleka maji kwenye bomba, na tofali linafyonza kilichobaki. Siku ya mvua nenda pale, chomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Nadhani utatoa vumbi.

Halafu umesema imetanuka. Hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa. Asta fupi za kopo zinazouzwa Oktoba kwa kawaida ni za ukoo wa New York. Kibandiko chake kitakuwa kimeandikwa *Aster novi-belgii*, au kama ni kipya, *Symphyotrichum novi-belgii*. Wataalamu waliugawa ukoo wa asta miaka ya tisini, ndiyo maana siku hizi mmea mmoja una majina mawili na watu wanadhani wameuziwa kitu kingine. Hilo neno novi-belgii linatokana na jina la koloni la Waholanzi ambalo leo ni New York. Huko asili yake ni maeneo yenye unyevu, kandokando ya maji. Fikiria basi: mmea wa kando ya maji umeupanda mahali pakavu kuliko pote nyumbani kwako.

Mwaka huu usiuguse tena zaidi ya kuokota majani yaliyoanguka na kuyatupa kwenye pipa la taka. Machi, au mwanzoni mwa Aprili, vichipukizi vikifika kimo cha kidole, ng'oa shina zima kwa uma wa bustani uliweke juu ya gunia. Ligeuze utazame. Katikati utakuta pagumu kama mti, pana mashina makavu ya zamani na mizizi ya kahawia isiyo na nguvu. Pembeni, kuzunguka kote, utaona vichipukizi vya rangi ya waridi iliyopauka, kila kimoja kimetoa nyuzi zake za mizizi nyeupe. Hivyo vya pembeni ndivyo mali yako. Vichomoe kwa mkono. Vinatoka vyenyewe, huhitaji kisu. Kile cha katikati kitupe, hata kama roho inakuuma. Mimi mara ya kwanza nilikitupa, nikakirudia, nikakipanda tena, na miaka miwili ilipita kabla sijakubali kwamba kilikuwa kimekwisha.

Panda vichipukizi vitatu au vinne pamoja katika kila shimo, shimo na shimo liachane sentimita 45, mahali penye jua na mbali na ukuta. Changanya samadi iliyooza vizuri, kisha tandaza mboji juu, unene wa vidole vitatu. Kuanzia katikati ya Juni, wiki isiyo na mvua, kila shina lipate ndoo moja ya maji, polepole, chini kwenye mzizi. Kumwagia kila jioni kikombe kimoja juu ya majani hakusaidii kitu. Na mashina yakishafika magotini, punguza yaliyo membamba ili upepo upite katikati. Kazi ya kugawa irudie kila mwaka wa pili au wa tatu.

Ukiona kazi hiyo inakuzidi na watoto hao watatu, badili ukoo. Asta za New England, *novae-angliae*, ni ndefu zaidi, mashina yana malaika, yaani vinyweleo laini, na ubwiriunga huzigusa kwa nadra sana. Ipo moja inaitwa 'Andenken an Alma Pötschke', rangi yake ni ya waridi kali. Jirani zako wote watasimama. Nyingine ni 'Harrington's Pink', imepoa zaidi. Mapungufu yao ni kwamba majani ya chini hukauka Agosti, kwa hiyo mbele yake panda kitu kifupi cha kuficha miguu. Na kama unataka buluu isiyo na usumbufu kabisa, tafuta 'Little Carlow'. Hiyo ningempa mwanangu mwenyewe.

Siku moja, ukipata nafasi, panda treni uje mpaka Colwall, upande wa pili wa vilima vya Malvern. Ukitokea Worcester, treni inaingia kwenye handaki chini ya vilima, ikitoka tu umefika. Kutoka stesheni unatembea kwa miguu mpaka bustani ya Picton, pale Old Court Nurseries, ambako ndiko unakotunzwa mkusanyiko wa taifa wa asta zinazochanua msimu huu. Kitalu kile kilianzishwa mwaka 1906 na Ernest Ballard, mtu aliyeikuta asta Waingereza wakiiona kama gugu la bustani, akaitolea miaka yake kuichanganya na kuichagua mpaka ikawa hivi tunavyoiona. Marie Ballard, ile ya buluu iliyofumbana kama pomponi, inatoka kwenye mikono hiyo. Nenda wiki ya mwisho ya Septemba au ya kwanza ya Oktoba. Chukua daftari, andika jina la kila unayoipenda na pia imesimama wapi, juani au kivulini, juu au bondeni. Jina bila mahali halitakusaidia ukifika nyumbani.

*Jambo Shangazi. Mimi ni mtu wa Bukavu, sasa tuko Columbus, Ohio, mwaka wa nne. Nyuma ya nyumba, karibu na uzio, kumeota maua yenyewe, marefu kunipita kiunoni, zambarau na katikati njano. Hakuna aliyeyapanda. Jirani ananiambia ni magugu, nikate yote. Mke wangu anayapenda. Nikate ao niache? — Baba wa Bukavu*

Jambo sana, kaka. Msikilize mke wako.

Sijayaona, kwa hiyo nakupa njia ya kuyatambua mwenyewe. Shika shina upapase: lina malaika? Tazama jani linavyokaa: halina kikonyo, na kwenye kitako chake limelikumbatia shina kama mikono miwili? Halafu finya kichwa cha ua kati ya vidole viwili unuse. Kama vidole vinanata kidogo na vina harufu ya utomvu, basi hiyo ni asta ya New England. Ile ambayo mimi huku nainunua kwenye kopo kwa pesa yangu, kwako imekuja yenyewe kwa sababu uko nyumbani kwake. Ohio ni kwao. Ilikuwepo hapo kabla ya uzio, kabla ya jirani na kabla ya mji.

Na haioti bure. Septemba na Oktoba vipepeo wakubwa wa rangi ya machungwa wenye mistari myeusi, wanaoitwa monaki, wanapita Ohio wakielekea kwenye milima ya Meksiko kukaa kipindi cha baridi. Ni safari ya maelfu ya kilomita kwa mdudu mwenye uzito usiofika gramu moja. Njiani lazima wanywe, na wakati huo maua mengi yameshakwisha. Yaliyobaki porini ni asta na yale ya njano ya solidago yanayoota pamoja nazo. Mchana wenye jua, watoto wakitoka shule, chukueni viti mkae karibu na uzio kwa nusu saa, mtazame.

Hofu ya jirani, hata hivyo, usiidharau. Miji mingi ya Marekani ina kanuni za urefu wa nyasi, na mtu akipiga simu unaweza kupata barua ya onyo. Uliza ofisi ya mji wako kanuni inasemaje kuhusu maua yaliyopandwa kwenye tuta. Kisha lifanye liwe tuta: zungushia mawe au matofali, fyeka ukanda wa mita moja mbele yake uwe msafi siku zote, ng'oa vichaka vingine vilivyojichomeka katikati. Kitu kilekile kilichoitwa gugu, kikizungushiwa mawe watu wanaona kimetunzwa.

Urefu nao una dawa. Mwaka ujao, kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, mimea ikiwa imefika magotini au zaidi kidogo, kata theluthi ya juu. Utaona kama unaiharibu. Haiharibiki. Itatoa matawi pembeni, itakuwa fupi, imejaa, haitaangukia uzio wa jirani, na maua yatachelewa siku chache tu. Ukipitisha mwezi wa saba usikate tena, maana utakuwa unakata maua yenyewe. Mimi hukata nusu ya mashina, ya mbele, na kuacha ya nyuma. Hivyo nazipata kwa zamu mbili.

*Shangazi, asta zangu za New England nikizikata na kuziweka kwenye chombo mezani zinafumba jioni, wageni wakija hakuna kitu. — Reading*

Ndivyo zilivyo, mwanangu, hata bustanini hufumba usiku. Za mezani kata zile za ukoo wa New York, au zile za maua madogo madogo meupe kama nyota zilizomwagwa. Kata asubuhi mapema, ng'oa majani yote yatakayozama majini, na maji badilisha kila siku.

*Mwaka huu asta yangu badala ya maua imetoa mafundo ya majani ya kijani, na mashina yana makovu ya kahawia. Nimeitilia mbolea, hakuna mabadiliko. — Milton Keynes*

Acha mbolea. Huo ni utitiri, wadudu wadogo usioweza kuwaona kwa jicho, wanaojificha ndani ya vichipukizi na kuharibu ua kabla halijaumbika. Wanazipenda hasa zile asta za New York. Hakuna dawa ya dukani ninayoweza kukupa ambayo ina maana. Ng'oa mmea wote, weka kwenye mfuko, tupa kwenye pipa la taka, usiuweke kwenye mboji. Pahala pale panda ile ya New England.

*Bi Shangazi, salamu nyingi. Mimi ni mzee wa Mombasa, nipo Glasgow kwa binti yangu. Nimenunua mara mbili asta inayoitwa amellus, ya buluu nzuri, nikaipanda Oktoba ikiwa na maua. Mara zote mbili ilipofika Machi nimekuta matope tu na kijiti. Udongo wetu ni mfinyanzi. Baridi ya huku imeizidi? — Mzee wa Glasgow*

Shikamoo mzee wangu, na pole. Haikuwa baridi. Amellus inatoka kwenye miteremko mikavu ya Ulaya, yenye mawe ya chokaa, ambako majira ya baridi ni makali kuliko ya Glasgow. Inastahimili kuganda. Haistahimili kukaa na miguu ndani ya maji miezi minne, na Glasgow hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka.

Nami niliyapata hayohayo. Nilinunua tatu za 'King George', kila moja ikiwa imechanua, nikazipanda kwenye mfinyanzi wangu mwezi huohuo wa kumi. Machi nilifukua moja. Mzizi ulikuwa mweusi, nikiuminya unatoa maji, unanuka kama shombo la bwawa. Shimo nililokuwa nimelichimba na kulijaza mboji nzuri lilikuwa limegeuka bakuli: mfinyanzi wa pembeni haukupitisha maji, na mvua yote ya tuta ilikuja kukaa humo. Nilidhani nimeipa mmea kitanda, kumbe niliuchimbia kisima. Mkulima wa kwetu anajua kuinua tuta kwenye mbuga ya udongo mweusi. Mimi nilisahau kwa sababu tu ni maua.

Kwa hiyo mambo matatu, mzee. Amellus uipande Aprili au Mei, iwe na majira yote ya joto ya kushika mizizi. Ukiinunua Oktoba iache kwenye kopo lake, ukutani, mahali pasiponyeshewa sana, mpaka ifike wakati huo. Inua tuta sentimita 20 juu ya uwanja, changanya kokoto ndogo kwa wingi, sehemu moja ya kokoto kwa mbili za udongo. Na usiigawe wala kuihamisha msimu huu wa majani kupukutika. Ya ukoo huu hugawiwa majira ya kuchipua tu.

Au mfuate Bwana Frikart. Huyu alikuwa mwenye kitalu pale Stäfa, Uswisi, aliyeichanganya amellus na asta nyingine kutoka Himalaya, na watoto wake akawaita majina ya milima ya kwao. 'Mönch' ndiyo iliyo bora. Huanza kuchanua mwishoni mwa Julai na Oktoba bado ipo, buluu ya urujuani, maua makubwa kama kifuniko cha chupa ya soda na zaidi. Nayo inapenda maji yapite, lakini inasamehe zaidi kuliko mama yake.

Na kama tuta haliinuki, basi kwa mfinyanzi wenu wa Glasgow panda ya New England na usihangaike. Hiyo udongo mzito wenye unyevu inaupenda. Chagua inayochanua mapema, kwa sababu jalidi kwenu linaweza kuiwahi ya kuchelewa. Penye kivuli chini ya miti, ipo nyeupe yenye mashina meusi, *Eurybia divaricata*, itakaa hapo miaka mingi bila kukudai kitu.

*Shikamoo Shangazi. Niko Lushoto. Dada yangu anakuja Desemba kutoka Uingereza na anazo hizo asta. Nimemwambia achimbe mzizi mmoja auviringishe kwenye gazeti aweke ndani ya begi. Lushoto kuna baridi, si zitaota? — Binti wa Usambaa*

Marahaba binti yangu. Mpigie dada yako leo umwambie aache.

Mzizi wenye udongo unabeba kuvu, minyoo na utitiri niliowataja hapo juu, na hapo Lushoto mnaishi kwa kabichi, karoti na viazi. Kuingiza mmea Tanzania kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi unakotoka. Mtoto wa mkulima wa Kusini hakuandikii hivyo kwa kuogopa sheria tu. Nimeona ugonjwa mmoja unavyofunga shule na harusi za kijiji kizima.

Hata ukikipata kibali, kuna jambo la pili ambalo watu hawalifikirii. Baridi ya Lushoto inatosha. Kinachokosekana ni urefu wa mchana. Asta inasoma mwanga. Hapa Worcester mchana wa Juni unakaribia saa 17, na wakati huo mmea unarefuka tu, haufikirii maua. Kuanzia Agosti mchana unapungua haraka, ndipo unapogeuka na kuanza kuchanua. Desemba tunabaki na saa zisizofika nane. Lushoto tofauti kati ya siku ndefu na fupi kuliko zote ni kama nusu saa. Mmea hauoni Juni wala Oktoba. Utakaa chini, uchanue mfupi, vimaua vichache, kisha ubaki umejikunyata kwenye udongo usijue lini kuinuka. Kenya, mashamba yanayouza asta Ulaya huwasha taa usiku juu ya matuta ili mmea udhani mchana ni mrefu na upate kurefuka. Ukifika kimo wanachokitaka, wanazima, nao unachanua. Wewe huna haja ya kulipa umeme huo.

Tafuta mbegu za asta ya China kwa wauza mbegu wa Arusha au Dar es Salaam. Hiyo ni ya msimu mmoja, si ndugu wa damu wa hizi zetu lakini uso wao unafanana, na hali ya hewa ya milimani kwenu inaipendeza. Sia kwenye trei, hamisha ikiwa na majani manne, acha sentimita 25 kati ya mche na mche. Msimu unaofuata usiirudishe palepale, maana mnyauko hubaki kwenye udongo. Dada yako mwambie akuletee picha, na glavu nzuri za bustani.

*Shangazi, maua yakishaisha nikate mashina lini? Mama mkwe anasema mara moja, nyumba ionekane safi. — Birmingham*

Za New York kata vichwa vya maua vikishazeeka, kwa sababu mbegu zake zikianguka zitaota miche ya rangi iliyopauka, na itaisonga ile uliyoinunua. Kwa mama mkwe hiyo itatosha kuonyesha kwamba umesikia.

Mashina mengine yaache yasimame. Novemba na Desemba huja ndege wadogo jamaa ya chiriku, wana uso mwekundu na mbawa zenye mstari wa dhahabu, wananing'inia kwenye vichwa vikavu na kuchomoa mbegu moja moja. Ndani ya mashina wapo wadudu wamelala. Na asubuhi ya jalidi, kila uzi wa mbegu unakuwa mweupe peke yake. Mwite mama mkwe dirishani aone.

Mwisho wa Februari, siku ambayo ardhi haijaganda, chukua mkasi wa bustani ukate sentimita tano juu ya udongo. Piga magoti kwanza, uondoe majani makavu kwa vidole, kwa sababu vichipukizi vya mwaka mpya vitakuwa vimeshatoka hapo chini, vifupi na vyekundu, na mtu aliyesimama havioni, atavikanyaga kwa buti.